Usiivue kartushi nguo yake mbele ya wakati



Kwa mtu wa shimoni, neno kartushi lina maana moja: ni kartushi ya baruti. Anajua kwamba inakuja ndani ya sanduku lake, inachungwa mbali na moto, haifunguliwi mbele ya saa yake, na sanduku tupu halipelekwi nyumbani. Hakuna anayebishana na sheria hizo, maana kila mtu anajua bei ya kuzivunja.

Lakini siku hizi iko kartushi nyingine inayoingia katika kila biro: kartushi ya mashini ya kuchapa karatasi. Inapita mikononi mwa dereva, mbebaji, mtunza depo, karani, na yule anayefagia biro asubuhi. Hii haina baruti, na kwa sababu hiyo watu wanaifanyia mchezo. Wanapasua katoni kwa kisu, wanatupa mfuko wake, wanaisimamisha dirishani penye jua. Kisha ule mfuko mzuri unakwenda nyumbani kuwekwa unga wa mahindi.

Leo tujifunze juu ya nguo za kartushi hiyo. Nguo ni katoni, frigoliti, mfuko, na kifuniko chake. Mwenye kusoma hadi mwisho ataona kwamba nguo hizo zina kazi mbili: zinalinda kartushi isiharibike, na zinamlinda mtu asidhurike. Ni sawa na kofia ya kazi na viatu vya kazi. Hatuvivai kwa kupendeza.

1. Ndani ya kartushi kuna nini?

Kuna kartushi za namna mbili. Ya kwanza ni ya wino wa maji. Ni ndogo, inaenea katika kiganja cha mkono, na wino unatoka kwa matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Ya pili ni ya unga. Ni ndefu kama mkono, ni nzito zaidi, na unga wake unaitwa tona.

Tona si makaa yaliyosagwa, kama wengi wanavyofikiri. Sehemu yake kubwa ni plastiki iliyosagwa laini sana, ikachanganywa na rangi. Katika tona nyeusi, rangi hiyo mara nyingi ni kaboni. Mashini inapanga unga huo juu ya karatasi kwa nguvu ya umeme, kisha inaupitisha kwenye moto wa karibu nyuzi 200, plastiki inayeyuka na kushika karatasi. Ndiyo maana karatasi inatoka ikiwa na joto.

Punje za unga huo ni ndogo kiasi gani? Nyingi zina mikroni 5 hadi 10. Mikroni 1,000 ni milimeta moja. Unywele wa kichwa chako una unene wa mikroni 50 hadi 100 hivi. Basi punje moja ya tona ni ndogo kuliko unywele mara nyingi, na ikiruka hewani haianguki upesi. Wewe uliyefanya kazi shimoni umekwisha kufundishwa juu ya vumbi: ile unayoiona si mbaya kama ile usiyoiona.

Hatusemi kwamba tona ni sawa na vumbi ya mawe inayoleta ugonjwa wa silikozi. Sivyo. Lakini mapafu ya mtu hayakuumbwa kupokea plastiki. Tona inakohoza, inachoma macho, na mwenye pumu ao mwenye kifua kibovu inamtesa zaidi ya wengine. Dawa iliyo bora ni kuiacha ndani ya nyumba yake.

2. Kila nguo ina kazi yake

Tuanze nje, twende ndani.

Katoni. Inapokea uzito wa katoni nyingine zilizo juu yake. Inazuia vumbi na jua. Tena inabeba alama ambazo hata asiyejua kusoma anaweza kuzielewa. Mishale miwili inayotazama juu: upande huu uwe juu. Glasi ya kunywea: kitu hiki kinavunjika. Mwavuli: kisipate maji. Jua: kisipate joto. Katoni zilizopangwa pamoja na hesabu: usipange kupita hesabu hiyo. Alama hizi ni moja dunia nzima, kutoka kiwandani hadi depo yako.

Frigoliti ao karatasi ngumu iliyofinyangwa. Inashika kartushi kwenye ncha zake mbili, ili katikati isiguse katoni. Katoni ikianguka, frigoliti inakula pigo. Mara nyingine kazi hii inafanywa na mifuko iliyojazwa hewa. Shika neno hili: kartushi isitembee ndani ya katoni. Ukitikisa katoni polepole ukasikia kitu kinagonga, nguo ya ndani imevunjika ao haipo.

Mfuko mweusi ao wa rangi ya fedha. Wengi wanafikiri ni wa kuzuia vumbi tu. Kazi yake kubwa ni kuzuia mwanga. Kartushi nyingi za unga zina silinda inayong'aa, ya rangi ya kijani ao ya buluu. Silinda hiyo inaona mwanga kama jicho. Ikiachwa juani, hata kwa muda mfupi, inaharibika, na karatasi zote zinatoka na mistari ao na madoa. Kwa kartushi ya maji, mfuko umefungwa pasipo hewa, ili wino usikauke katika matundu yake.

Kifuniko na utepe. Kifuniko cha plastiki kinafunika silinda isikwaruzwe wala kuguswa na vidole. Utepe unafunga mlango wa unga. Kama utepe ungali mahali pake, unga hauwezi kutoka hata kamio ikiruka mashimo namna gani. Ukivutwa, haurudi tena.

Kifuko kidogo chenye vijiwe. Hiki hakiwi katika kila katoni, lakini ukikiona, ujue kazi yake ni kunywa unyevu. Tutakisema tena mbele, maana kinagusa watoto.

3. Safari ndefu

Kwa nini nguo nyingi hivi? Fikiri safari yenyewe. Katoni inashuka melini, tuseme katika bandari ya Dar es Salaam. Inapakiwa juu ya kamio, inapita Tunduma, inakata Zambia yote, inasimama kwenye mpaka wa Kasumbalesa, halafu inafika Lubumbashi. Ni karibu kilometa 2,000. Anayefanya kazi Kolwezi aongeze 300 nyingine. Njiani kuna mashimo, kuna vumbi ya kiangazi, kuna mvua kubwa za Desemba na Januari, na kuna siku za kungoja mpakani chini ya turubai, penye joto kama ndani ya jiko.

Joto linafanya nini? Tona ni plastiki, ikipata joto nyingi inaanza kushikana na kuwa madonge, hata mbele ya kuingia mashinini. Watengenezaji wengi wanaomba kartushi ichungwe mahali pasipopita nyuzi 35 ao 40. Ndani ya kamio iliyofungwa na kusimama juani, kipimo hicho kinapitwa upesi. Kwa hiyo, dereva na mbebaji, sikieni: katoni za kartushi hazikai karibu na injini, hazikai chini kabisa penye kuingia maji, hazibebwi juu yake mifuko ya simenti, wala hazitupwi kutoka mkono hadi mkono kama matofali.

4. Kupokea katoni

Mtunza depo, hapa ndipo kazi yako inapoanza. Usitie mkono wako chini ya karatasi ya kupokea mbele ya kutazama. Tazama kona: zimebonyea? Tazama chini: kuna alama ya maji ao doa la wino? Pitisha mkono: kuna unga mweusi kwenye maungio? Tazama skochi: ni ile ya kiwandani, ao imefungwa mara ya pili?

Pengine utasema hiyo ni kupoteza wakati kwa ajili ya wino. Basi sikia jambo lililotokea kweli. Katika mwezi wa Oktoba 2010, mashini mbili za kuchapa zilitumwa kwa ndege kutoka Yemen, zikiandikiwa kwenda Chicago, Marekani. Moja ilikamatwa Dubai, nyingine kwenye uwanja wa ndege wa East Midlands, Uingereza. Ndani ya kartushi zake, mahali pa tona, watu wabaya walikuwa wameficha baruti kali. Nje vilionekana kuwa vitu vya biro kama vingine. Tangu hapo, Marekani ilikataza kartushi kubwa zisisafiri pamoja na abiria katika ndege.

Hatusemi mambo hayo kwa kuwatisha. Katika depo yetu, katoni iliyofunguliwa njiani itakuwa mara nyingi na kartushi iliyovunjika, ao ya kuiga, ao tupu iliyojazwa upya na watu wasiojua kazi. Lakini fundisho ni lile lile: nguo iliyoguswa haiaminiwi tena. Iweke pembeni, andika, itana mkubwa wako. Kama imetoka unga, itie yote ndani ya sashe kubwa ya plastiki na kuifunga mbele ya kuihamisha.

5. Ndani ya depo

Sheria za depo si nyingi:

Weka kartushi ndani ya katoni yake, na ndani ya mfuko wake, hadi siku ya kutumiwa. Anayetoa kartushi zote kwenye katoni ili apate nafasi anapata nafasi ya leo na hasara ya kesho.

Ilaze, usiisimamishe kwenye ncha, ila kama mishale ya katoni inasema namna nyingine. Ikisimama miezi mingi, unga unakwenda upande mmoja na kushikana.

Iweke juu ya rafu, si juu ya sakafu. Sakafu ya simenti inapanda unyevu wakati wa mvua, na bomba ikipasuka maji yanapita chini kwanza.

Iweke mbali na dirisha, mbali na jiko, na mbali na dawa za maji zenye harufu kali, kama vile dilua ya rangi na amonia.

Iliyofika mbele itoke mbele. Andika tarehe ya kupokea kwenye upande wa katoni unaoonekana. Kartushi ya maji ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa, isome.

Wakubwa wa kazi nao wanahusika na jambo hili. Kartushi iliyoharibika inatoa karatasi hafifu. Na karatasi zetu si barua za salamu tu. Kuna karatasi ya ruhusa ya kuingia mahali pa hatari, kuna plani ya kupasua mawe, kuna karatasi ya kipimo cha dawa ya mgonjwa. Hesabu 3 isiyochapwa vizuri inasomwa 8. Hapo kartushi ya biro inaweza kumwumiza mtu aliye shimoni, ambaye hata hajaiona.

6. Siku ya kuifungua

Kama katoni imetoka mahali pa baridi, kama asubuhi ya Juni ao Julai, na biro ina joto, usiifungue mara moja. Iache ipumzike saa moja ao mbili. Kitu cha baridi kikiingia hewa ya joto kinatoka jasho, kama chupa ya bia iliyotolewa frigoni. Jasho hilo likishika silinda ao unga, kazi imeharibika.

Fungua katoni kwa mikono ao kwa kisu kifupi kinachokata skochi tu. Kisu kirefu kinapita katoni, kinapasua mfuko, kinakwaruza silinda, na mara nyingine kinamaliza safari yake katika kidole chako. Usiguse silinda. Usivute utepe mbele ya kuwa tayari kuingiza kartushi mashinini. Ukiuvuta, uvute taratibu na moja kwa moja, mbali na uso wako.

Kisha fanya jambo ambalo watu wanalisahau: chunga katoni, frigoliti, na mfuko. Kazi yao haijaisha. Kartushi mpya ikiingia, ile ya zamani inavaa nguo hizo na kurudi depo.

7. Unga ukimwagika

Ndugu unayefagia biro, sehemu hii ni yako. Siku moja utakuta unga mweusi juu ya meza ao sakafu. Usiupulize kwa kinywa. Usiufagie ukiwa mkavu. Usitumie mashini ya kawaida ya kufyonza vumbi: unga unapita chujio lake na kurudi hewani, tena unaweza kushika moto katika mota yake.

Funga feni. Fungua dirisha, ila kama upepo unavuma. Vaa glavu, na kinga ya pua kama unayo. Chukua kitambaa kilicholowa maji baridi, panguza polepole ukianza pembeni kwenda katikati, kisha tia kitambaa ndani ya sashe na kuifunga. Maji yawe baridi. Maji ya moto yanalainisha ile plastiki na kuifanya ishike.

Kwenye ngozi: maji baridi na sabuni. Kwenye nguo: ikung'ute nje, kisha ifue kwa maji baridi. Kwenye macho: usisugue, mwagia maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda kwa mganga. Ukivuta unga mwingi: toka nje penye hewa safi, sukutua kinywa, na kama kikohozi hakiishi nenda hospitali.

8. Nguo hizi haziendi nyumbani

Sasa tunasema na mama wa nyumba.

Mume akileta mfuko mweusi mzuri kutoka biro, usiuweke unga, wala sukari, wala nguo za mtoto mchanga. Ulikuwa nguo ya wino. Tena sashe ya plastiki si mchezo wa mtoto. Akiivaa kichwani, inashika pua na kinywa kwa mara moja, na hana nguvu ya kuitoa. Kifo cha namna hiyo hakipigi kelele. Mama yuko jikoni na hasikii kitu.

Frigoliti haiwashi mbabula. Inashika moto upesi, ni kweli, lakini moshi wake mweusi ni sumu, na katika nyumba ndogo watoto ndio wanaouvuta.

Kifuko cha vijiwe kinafanana na peremende. Vijiwe vyeupe havina sumu kali, lakini mtoto anaweza kukabwa navyo kooni. Vile vya buluu ni vibaya zaidi. Rangi ile ya buluu, inayogeuka kuwa ya waridi ikipata unyevu, inatokana na chumvi ya kobalti. Ndiyo, kobalti, madini ile ile inayochimbwa Kolwezi na kwenda dunia nzima. Imerudi kwetu ndani ya kifuko kidogo, na si kitu cha kumezwa wala cha kuchezewa. Viwanda vingi vimekwisha kuiacha na kutumia rangi ya machungwa, lakini vifuko vya buluu vinaonekana bado. Mtoto akimeza, mpeleke kwa mganga pamoja na kifuko chenyewe, ili mganga aone alichomeza.

Na kartushi tupu? Haiko tupu kabisa. Unga kidogo unabaki daima. Usiitupe motoni nyuma ya biro. Unga mwepesi unaoweza kuungua, ukiruka hewani karibu na moto, unawaka wote kwa mara moja na kumrukia mtu usoni. Usimpe mtoto aivunje ili atengeneze motokari. Irudishe katika mfuko, katika frigoliti, katika katoni, uandike juu yake TUPU, na uipeleke depo.

9. Maulizo ya kujipima

Jibu bila kutazama juu:

1. Mfuko mweusi unalinda silinda juu ya kitu gani?
2. Alama ya mwavuli kwenye katoni inasema nini?
3. Unapanguza tona kwa maji ya namna gani, na kwa nini?
4. Ukitikisa katoni na kusikia kitu kinagonga, unafanya nini mbele ya kuipokea?
5. Taja vitu vitatu vya katoni ya kartushi ambavyo havifai kufika nyumbani.

Kama umejibu yote, mfundishe jirani yako. Kama umekosa moja, rudia kusoma sehemu yake, ukurasa haukimbii.

Ndugu, kartushi ya baruti tunaiheshimu kwa sababu inapiga kelele. Ile ya biro hainguruma. Madhara yake ni kikohozi cha karani, kidole cha mtunza depo, hesabu isiyosomeka, mtoto aliyekuta kifuko cha buluu chini ya kitanda. Iache na nguo zake tangu melini hadi mashinini, uivike tena inaporudi, na madhara hayo hayataingia nyumba yako.

Kazi njema, na urudi salama kwa watu wako.